Uji kwa Tumbo Lililopunguzwa

Maneno hayo Nekesa aliyapata kwa Njambi muuza mboga, na Njambi hakusema ameyatoa wapi. Kwamba kule Kiuu, upande wa Ruiru, kuna mwanamke mnene aliyekwenda hospitali akapunguzwa tumbo. Wakamshona, wakamrudisha nyumbani. Lakini madaktari walipunguza tumbo, njaa wakasahau kuipunguza. Njaa ile ikabaki ya ukubwa ule ule, ikakosa pa kukaa, ikawa inamzunguka mwilini. Mwishowe mwanamke alikutwa ameketi jikoni kwake, amekufa, mdomo umejaa unga mbichi.

"Unga gani?" Nekesa akauliza.

"Wa mahindi."

"Haki, hata si wa ngano."

"Wee, mtu wa njaa anachagua?"

Njambi akaendelea kukata sukuma wiki. Kwake hayo yalikuwa maneno ya asubuhi, ya kusukuma kazi hadi wateja waje. Kwa Nekesa hayakuwa hivyo. Binti yake Emmaculate alikuwa anakaa Kiuu, alikuwa mnene, na wiki hiyo hiyo alikuwa amempigia mamake simu kumwambia kwamba miezi miwili sasa ametoka hospitali, amepunguzwa tumbo, na asiwe na wasiwasi.

Nekesa hakuwa na wasiwasi. Aliketi tu juu ya gunia la viazi la Njambi, akakaa hapo mpaka Njambi akamwomba ainuke kwa sababu kuna mtu anataka viazi.

Kazi ya Nekesa ni kuuza uji hapo Kamenu, mjini Thika. Shule aliiachia darasa la sita, lakini kwa uji hakuna wa kumfundisha. Wimbi, mtama, njugu za kusaga, siagi ya kushiba, na sukari mpaka mwiko uanze kusita. Wajenzi wanakunywa kikombe asubuhi wanabeba mawe hadi mchana bila kutaja chakula. Wanasema uji wa Mama Emma unashikilia. Na yeye maisha yake yote aliamini kwamba mtu akiwa na shida, kwanza ashikiliwe na kitu tumboni, mengine yatazungumzwa baadaye.

Basi akafunga unga, njugu na sukari guru kwenye gunia, akawaachia wajenzi njaa yao, akaenda Kiuu.

Emma alifungua mlango mwenyewe. Uso ulikuwa umeshuka, shingo imeonekana.

"Umekonda," mamake akasema.

"Ndiyo maana yake, mayi," Emma akasema, akimwita mama kwa lugha yao.

"Ni mimi nimekuja sasa. Usiogope."

"Siogopi."

"Hata mimi siogopi," Nekesa akasema, akaingia na gunia.

Mchana Emma akatoa sahani ya mtoto, ile ya plastiki yenye picha ya sungura. Akaweka yai moja lililopondwa na kijiko cha maharagwe laini, akaanza kula kwa kijiko cha chai. Kila tonge alilitafuna kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Nekesa akangoja amalize kuonja ili chakula kiletwe.

"Na chakula?" akauliza mwishowe.

"Mayi, hicho ndicho chakula."

"Hata kuku wangu akiwa mgonjwa anakula kushinda hapo."

"Kuku wako hajaingia theatre."

Emma akachukua yai lingine, akamwonyesha. Tumbo lake sasa lilikuwa kama lile yai. Sehemu kubwa ilikuwa imetengwa kando, na utumbo umevutwa juu ukaunganishwa na kile kifuko kidogo. Ale kidogo, polepole, vyakula vya kujenga mwili kwanza. Maji asinywe pamoja na chakula, anywe katikati. Sukari hapana.

"Na njaa?"

"Sina. Wakati mwingine nasahau kula kabisa. Nimeweka alarm kwa simu inikumbushe."

Hilo lilimtisha Nekesa kuliko kama angesema ana njaa. Mtu asiyekuwa na njaa ama anapenda ama anakufa, na humo nyumbani hakuona dalili ya mwanamume.

"Uji je?"

"Naruhusiwa, ukiwa mwepesi. Lakini bila sukari."

"Uji bila sukari ni wa kupaka ukuta."

"Bila sukari, mayi."

"Sawa, basi."

Na kwa kweli alianza vizuri. Alimpikia uji mwepesi wa kupaka ukuta, Emma akanywa, Nekesa akageuza uso asione. Hivyo ndivyo wangeendelea, kama Nekesa hangetumwa chumvi.

Duka lilikuwa la msichana mmoja anaitwa Tabby, ng'ambo ya barabara. Nekesa alipopewa chumvi hakuondoka.

"Mami, kuna mama hapa Kiuu alipunguzwa tumbo akafa. Alikuwa anakaa wapi?"

Tabby akainamia kaunta. "Aki pole. Wewe ni mtu wao?"

"Nauliza tu."

"Ni hapo tu kwa hiyo plot ya geti ya green. Mlango ya mwisho. Alikuwa mtu poa sana, alinisuka Krismasi."

Nekesa akageuka akaliangalia geti la kijani. Ndilo alilotokea.

"Mlango wa mwisho, kando ya tangi?"

"Huo huo."

"Na yule aliyenunua mayai hapa jana?"

"Huyo ni sister yake. Wanafanana, lakini huyo ni mwembamba."

"Emma hana dada."

"Haiya!" Tabby akashika kifua. "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mamake."

"Basi pole, mama," Tabby akasema, na akamwongezea kiberiti cha bure.

Mtu mwingine angecheka, arudi nyumbani amwambie mwanawe kwamba alishazikwa. Nekesa alivuka barabara akiwa amebeba chumvi na kiberiti, na alipofika getini alikuwa ameshalipanga jambo akilini. Watu hawawezi kusema kitu bure. Uvumi haukuwa umekosea. Uvumi ulikuwa umewahi tu, kama wageni wanaofika sherehe haijaanza. Kilichobaki ni kifo chenyewe kufika, na kingefika kikute mtoto ana yai moja tumboni.

Jioni hiyo alitia sukari guru kwenye uji, akatia siagi, akatia njugu.

"Mayi, huu uji una sukari?"

"Ni ndizi. Nimeponda ndizi mbivu."

Tangu operesheni ulimi wa Emma ulikuwa umegeuka. Siku nyingine hata maji yalikuwa matamu, siku nyingine yana ladha ya msumari. Hakubishana na ndizi, akanywa. Na uji, tofauti na yai, haukumsumbua hata kidogo. Yai lilimchukua nusu saa ya kutafuna, uji ulipita kama mtu anayejua njia. Nekesa alichukua kikombe kitupu, akakigeuza kuangalia kama kweli ni kitupu, akaimba wimbo wa kanisani akikiosha.

Taabu ilianza hapo. Emma akinywa uji asubuhi, kabla ya adhuhuri mwili unaanza kutetemeka. Jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo, moyo unakimbia, macho yanaona ukungu, na chini ya hayo yote kuna njaa, njaa ya kutaka kula meza.

"Mayi, njaa imerudi," alisema siku ya kwanza, akishikilia mlango wa jikoni. "Imerudi vibaya."

Nekesa alikuwa na chupa ya uji tayari. Emma akanywa, na muda si muda mikono ikatulia. Nekesa akamshukuru Mungu aliyemleta Kiuu mapema. Mchana ulipokatika, kutetemeka kukarudi, na chupa ikarudi. Alijiona kama mtu aliyemaliza kujenga ukuta leo, mafuriko yakaja kesho. Na kwa kuwa mafuriko yalizidi kuja, ukuta ukazidi kuongezwa sukari.

Emma naye aliacha kulala vizuri. Chumbani alikuwa na mizani ya kujipimia, na uzito ulikuwa unashuka kila wiki. Sasa mizani ikasimama, kisha ikaanza kupanda. Alikuwa akishuka kutoka juu yake na kuketi kitandani bila kuvaa viatu.

"Nimekata tumbo bure, mayi."

"Usiseme hivyo."

"Njaa ilikuwa imeisha. Daktari alisema inaweza kurudi polepole, baada ya miezi. Lakini hii haijarudi, hii imevamia. Nikinenepa tena, sukari yangu inapanda tena. Unajua inaenda wapi."

Nekesa alijua. Marehemu Khisa, mumewe, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Ulianza na kidonda cha kidole gumba. Kikakatwa kidole, ukakatwa mguu chini ya goti, ukakatwa juu ya goti, kisha wakamrudisha Bungoma kwa jeneza ambalo fundi alilipima urefu wa kawaida, akiwa hajaambiwa. Emma alipopimwa akaambiwa ana sukari kama ya babake, alikuwa bado msichana wa kusuka nywele mwenye kiti kimoja tu saluni. Alichagua kukatwa tumbo. Hakumwambia mamake kabla, kwa sababu alijua mamake angekuja kukaa nje ya theatre na sufuria.

Wiki hiyo Emma alianguka saluni. Hakuanguka kwa kishindo, alishuka tu taratibu kando ya kiti, rasta za mteja zikiwa bado mkononi, kichwa cha mteja kikimfuata. Walimpa soda. Akaamka. Mteja akauliza kama atamaliziwa upande wa pili au atafute mtu mwingine.

Nekesa aliposikia kwamba soda ndiyo iliyomwamsha, alijua anachotakiwa kufanya. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, huko Thika. Alijaza chupa kubwa.

Foleni ilikuwa ndefu. Emma alikuwa amekunywa uji wake nyumbani, na walipoitwa chumba cha mtaalamu wa lishe alikuwa ameshaanza kutetemeka. Mtaalamu mwenyewe aliitwa Trizah, mwanamke mfupi mwenye sweta ya shule ya mtoto wake mabegani kwa sababu ya baridi. Nekesa alikuwa ameshafungua chupa.

"Ngoja kidogo, mama," Trizah akasema. Akamdunga Emma kidole, akaangalia kile kipimo, akampa juisi kidogo sana kwenye kikombe cha dawa, halafu yai la kuchemsha kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, lile aliloleta la chai ya saa nne. Emma akala yai. Akatulia.

"Asubuhi ulikula nini?"

"Uji. Wa ndizi."

Trizah akanyoosha mkono. Nekesa akampa chupa. Trizah akamimina uji kwenye kifuniko, akanusa, akaonja, akafunga macho. Akamimina tena, akaonja tena.

"Mama, huu ni wewe umepika?"

"Ni mimi."

"Unauza?"

"Kamenu, kwa wajenzi."

"Ni mtamu sana."

"Asante."

"Usimpe tena."

Nekesa akakifunga kifuniko. Trizah akawaeleza polepole, akichora kwa kidole juu ya meza. Sukari ikiingia kwenye kile kifuko haikai, inamwagika moja kwa moja utumboni. Mwili unashtuka, unatoa dawa yake ya kushusha sukari, unaitoa nyingi kupita kiasi, sukari inaporomoka. Ndipo mtu anatetemeka na kusikia njaa ya kufa. Ukimpa uji wa sukari anapona saa ile, lakini umeshaanzisha njaa nyingine. Na uji, kwa kuwa ni wa kunywa, haumshikilii kitu. Kinachomshikilia ni yai, samaki, maharagwe, kuku laini.

Neno hilo la kushikilia lilimwingia Nekesa vibaya.

"Unasema," akauliza, "hii njaa ninayopigana nayo, ni mimi ninaipika?"

"Ndiyo, mama."

Emma akaiangalia chupa.

"Njaa ya kweli itarudi kidogo kidogo, hiyo isiwaogopeshe," Trizah akaendelea, sasa akimwambia Emma. "Ikija, kunywa maji kwanza, ungoje. Ikibaki, jiulize kama unaweza kula yai. Njaa ya tumbo inakubali yai. Ile inayokataa yai inataka mandazi tu, hiyo ni ya mdomo, toka nje utembee. Na ukila, ukipata kwikwi, au kamasi zikianza kutoka, acha hapo hapo. Ni kifuko kinasema kimejaa."

"Kwikwi si mtu apewe maji?" Nekesa akauliza.

"Usimpe maji, mama. Asiongeze hata tonge."

Nyumbani, Emma aliketi kitandani akiwa na viatu.

"Ulisema ni ndizi."

"Ndizi ilikuwemo."

"Ngapi?"

"Nusu."

"Mayi, baba alikatwa mguu mara mbili. Mimi nimekatwa tumbo ndiyo nibaki na miguu. Ukitaka kunipikia siri, rudi Kamenu, na nakwambia kwa heshima."

"Nilisikia kuna mtu alikufa kwa njaa hapa Kiuu."

"Nani?"

"Wewe."

"Tabby aliniambia," Emma akasema. "Nilimwambia atoe rambirambi alizochanga, tununue mayai. Sasa sikia. Kama unabaki, kazi yako ni moja. Ukae hapo kwa kiti, uniangalie nikila, na usifanye kitu."

Nekesa amewahi kuvuna kahawa mvuani. Amewahi kusukuma mkokoteni wa maji kutoka mtoni. Hiyo kazi ya kukaa kwa kiti ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Alikuwa akikalia mikono yake. Emma akibakisha kijiko cha samaki, yeye koo linameza bila kitu. Lakini kutetemeka hakukurudi. Jioni, njaa ndogo ilipokuja, Emma alikunywa maji, akatembea hadi mwisho wa ua na kurudi, kisha ama akala yai ama akasahau. Mizani ikasimama, ikafikiria, ikaanza kushuka.

Halafu wakaja akina mama wa kanisa kutoka Kamenu.

Walikuja wakiongozwa na Wilkister, mwenyekiti wao, kumshukuru Mungu kwa ajili ya mgonjwa, na hawakuja mikono mitupu. Walibeba ugali umefunikwa kwa kitambaa, kuku wa kienyeji aliyechemshwa kisha akakaangwa, chapati, na soda. Kwa watu wao desturi inajulikana. Mgonjwa anapakuliwa kwanza, watu wote wanamwangalia akila, na akila vizuri ndipo wanajua maombi yamesikika. Mgonjwa anayesukuma sahani amewatukana waliopika, na amemwambia Mungu ngoja.

Wilkister alipakua mwenyewe. Paja la kuku lilimfunika sungura mzima wa sahani.

"Kula, mwanangu. Hata sauti yako imekonda."

Emma akachambua nyama nyembamba, akatafuna. Akina mama wakaangalia. Akachambua tena. Wilkister akamkatia ugali, akamsogezea. Ilikuwa inaenda vizuri, mpaka Emma akatoa kwikwi.

"Maji!" Wilkister akaita. "Mpeni maji! Ama soda, soda inateremsha haraka!"

"Ni ukavu wa nyama," mwingine akasema. "Mpe supu."

Mkono wa Nekesa ulikuwa umeshakamata kikombe. Mkono huo haukuwa umeulizwa, ulikuwa umefanya hivyo kwa watoto wote aliowalea. Emma akamwangalia. Kwikwi ya pili ikatoka, na tonge lilikuwa bado mkononi mwake, na wanawake wote walikuwa wanangoja aliweke mdomoni.

Nekesa akanywa maji yale yeye mwenyewe, yote. Kisha akainuka, akaitoa sahani mbele ya binti yake, akalitoa na tonge mkononi mwake, akaviweka juu ya kabati.

Kumwondolea mtu sahani akiwa bado anakula, mbele ya wageni, ni jambo ambalo Nekesa hakuwa amelifanya hata kwa mbwa.

"Mama Emma," Wilkister akasema polepole, "umemnyang'anya mtoto wako chakula?"

"Ndiyo."

"Chakula nilichopika mimi."

"Ndiyo, mwenyekiti. Ni kitamu. Ameshiba."

"Kwa hicho kidogo?"

"Kwa hicho."

Wilkister akaangalia kabati, akaangalia Emma. Kwikwi ilikuwa imekatika. Emma alijipangusa pua, akasema asante kwa kuku, na alisema kama mtu aliyekula. Mwenyekiti akavuta kiti karibu na meza, akajipakulia, kwa sababu ugali ulikuwa unapoa na hasira haishibishi mtu.

"Basi tuambie," alisema huku akitafuna. "Mtu wa namna hii tukija kumwona, tuache kufanya nini?"

Nekesa akawaambia, na walipoondoka akarudia kwa Tabby, na aliporudi Kamenu akarudia kwa Njambi. Ni haya:

Usimpe uji wa sukari, wala sukari guru, wala asali. Ndizi ni ndizi, usiifiche kitu ndani yake.

Usimpe soda, hata akiwa amefanya nini.

Usimpe maji au chai wakati anakula. Ngoja nusu saa.

Akipata kwikwi, au kamasi, usimwongezee chochote. Ondoa sahani.

Usianze na ugali au chapati. Yai, samaki, maharagwe au kuku kwanza, vingine kama nafasi imebaki.

Usimharakishe kutafuna. Kama una haraka, nenda kazini.

Usimwambie amekonda kana kwamba ni kosa.

Akitetemeka na kutoka jasho, usitibu kwa chupa nzima ya kitu kitamu. Juisi kidogo, halafu yai, halafu pigia kliniki simu siku hiyo hiyo.

Asikose vitamini alizopewa kliniki. Usimwambie mboga zinatosha, hazitoshi.

Usiulize habari za mgonjwa dukani. Uliza mgonjwa.